Radhi ya Mirija Arobaini

Bi Mwanaamina, shikamoo. Nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nimekasirika kweli.

Mimi ni fundi wa maabara moja ndogo hapa Kibiti, tunapima kamba wanaofugwa kwenye mabwawa ya Salale kama wana ugonjwa, na kazi yangu ni kujaza jeli ya moto kwenye vimirija vya kioo vyembamba kama unywele, kisha sampuli inaingizwa humo na umeme unaivuta, vipande vidogo vya vinasaba vinatangulia na vikubwa vinabaki nyuma, ndipo tunajua ugonjwa upo au haupo, ila kikiingia kiputo kimoja tu cha hewa umeme unakatika na mrija hauonyeshi kitu. Ijumaa bosi wangu, Michael, alikuwa na haraka ya wageni kutoka Dar, akaikoroga jeli kama uji, akajaza mirija arobaini povu halijatulia, nikamwambia, "Kaka Michael, tuiache kwanza, hata mama dukani kwake jeli yake ya faluda haikorogi kwa pupa, inajaa viputo," akacheka mbele ya watu, "Shabnam, hapa ni maabara, siyo faluda za kwenu." Alipokwenda kula niliitupa yote arobaini kwenye pipa la vioo, na wala sijuti, maana wiki iliyopita mirija saba haikuonyesha kitu naye akaandika "hakuna ugonjwa", na majibu hayo yanakwenda Salale wiki hii! Sasa anataka barua ya radhi Jumatatu asubuhi, la sivyo kazi sina, na mama yangu, Bi Zera, ananibembeleza niandike yaishe. Siandiki. Je, nakosea?

Shabnam, Kibiti

Marahaba, Shabnam.

Kukataa hukukosea. Kutupa umekosea, tena vibaya. Ulikuwa na ushahidi wa mirija arobaini mkononi, ungeinua mmoja tu dirishani kila mtu akaviona viputo, wewe ukautupa pipani! Sasa Michael ndiye mlalamikaji na wewe ndiye mharibifu. Hasira zako zimemfanyia kazi yeye.

Faluda usiionee haya. Mama yako anaijua jeli kuliko huyo mwenye koti jeupe na haraka zake.

Jumatatu fika mapema. Pika jeli, iache itulie, jaza mirija kumi polepole, kisha mwombe Michael ajaze kumi kwa mkono wake, wenzenu wote wakiangalia. Ikagueni kwenye mwanga. Kama zile sampuli saba bado ziko kwenye friji, zipimwe upya kwenye mirija isiyo na kiputo. Akikataa usibishane naye, nenda kwa mkuu wa kituo aliye juu yake, na daftari lako la vipimo.

Barua andika, lakini siyo anayoitaka yeye. Sema ulitupa mirija bila kuandika popote, na hilo ni kosa lako. Halafu sema mirija saba ya wiki iliyopita haikupima kitu, majibu yake yasiende Salale. Tia sahihi na tarehe, baki na nakala.

Anaweza kukufukuza, sikufichi. Lakini muulize Bi Zera, yaishe kwa nani? Mfugaji wa Salale akiambiwa kamba wake wazima, atawagawia na majirani vifaranga wa bwawa hilo hilo, ugonjwa utaenea, na hapo hakuna wa kuwarudisha. Kosa la pipa liombee radhi. Ila kwa kuwa na macho yaliyoviona viputo, mwanangu, usimwombe mtu radhi.