Jile Saba Ndani ya Plastiki

Alhamisi, saa kumi za jioni. Mvua ndogo toka asubuhi, ziwa la Mokoto limekuwa rangi ya sufuria.

Shajara yangu, na nyinyi wote munaosoma bure: mu Masisi yote hamuna muntu wa bahati kama mimi. Miaka mitatu iliyopita, kule mbali kwenye ziwa kubwa upande wa Sake, mutumbwi wa magunia ya maharagi ulipinduka na mimi ndani, nikatoka. Siyo kutoka tu. Nilitoka na kofia kichwani! Toka siku ile, nikiingia kwenye kilabu muntu ananivutia kiti. "Papa Kapiteni, tupigie hadithi ile ya kofia." Napiga. Kila mara upepo unaongezeka kidogo.

Njo bahati ile ile ilinipa kazi hii. Patron wetu, mufugaji wa Kirolirwe, aliamka siku moja akataka yoti, mashua ya starehe. Yoti, mu milima! Ilikuja juu ya lori, nyeupe kama jibini yake, na mara mbili watu waliisukuma kwenye matope. Sasa kila Jumamosi inatembeza maharusi na wapiga picha wao. Kapiteni ni mimi, na masomo yangu ya miaka miwili ya sekondari.

Kesho inspekta wa usalama anakuja. Akisema hapana, yoti inafungwa kwenye nguzo na sisi watatu tunaofanya kazi ndani yake tunarudi kushika jembe.

Juma yote sijakaa chini. Nimepaka rangi, nimekagua kamba, nimejaribu kizimamoto kuona kama kina kintu ndani. Kilikuwa nacho. Sasa povu yake iko kwenye suruali yangu. Safari, fundi wetu wa motere, ni muntu wa Buleusa kule Walikale, amekulia ndani ya mito, ananicheka: "Kaka, unasugua hii yoti sawa vile unaioa." Nikamuambia motere yake inakohoa kama shangazi yake. Tunachekana hivyo siku nzima, lakini kuna kintu kimoja sijagusa bado.

Ni zile jile.

Ziko saba, koti za kuelea, rangi ya machungwa, zingali mu plastiki ya duka. Kwetu kintu kipya kinabaki mu plastiki: viti vya salon ya wageni, televizyo, hata godoro, muntu analala na kelele chini ya mbavu. Patron alipiga simu leo asubuhi: "Inspekta aone ni mupya. Ukipasua hata moja, utarudi kwa mama yako." Nikasema ndiyo, Papa.

Mimi ni mwepesi sana wa ndiyo Papa.

Kisha Mama Sifa. Yeye njo anapokea abiria na kuwashika mukono wakipanda. Ni mulimaji wa maharagi kutoka Kingi, hajui kuogelea hata kidogo, na kila Jumamosi anapanda. Alichukua jile moja, akaigeuza, akatafuta mukono unapita wapi. Haukupita popote. Akang'ata plastiki na meno. Ikakataa.

"Papa Kapiteni, siku ile ya kofia yako, jile zilikuwa?"

"Zilikuwa, Mama."

"Mu plastiki?"

"Mu plastiki."

"Na wengine, walitoka?"

Nimepiga hadithi hii mara nyingi mpaka nimechoka kuhesabu. Hakuna aliyeniuliza hilo. Watu wanauliza kofia.

Safari alizima motere. Mvua ikasikika.

Nikamuomba kisu. Nikapasua zote saba, moja kwa moja. Ya kwanza nikamuvalisha Mama Sifa, nikakaza mikanda mpaka akalia, "Ee Papa, niache nipumue!" Akashuka mu maji hadi kifua, Safari akimushika, akafunga macho, akaachia miguu. Akaelea. "Nimekuwa bata!" Alicheka mpaka akameza maji. Tukarudia kuvaa na kuvua, sisi watatu, mpaka vidole vikajua njia bila macho kuangalia.

Plastiki nimezikunja chini ya kiti. Patron atakuja na inspekta kesho, na sijui nitamuangalia namna gani. Labda nitarudi kwa mama yangu kweli. Anapika muzuri.

Sasa niko na karatasi ya maswali ya inspekta juu ya magoti. Pale wanapouliza kama kapiteni amewahi kupata ajali, Jumatatu niliandika: "Hapana, niko na bahati." Nimeifuta kwa nguvu, karatasi imetoboka kidogo. Nitaandika pembeni ya tundu. Lakini naandika hapa kwanza, nizoee.

Ile ya kofia ni uongo. Haikuwa bahati. Asubuhi ile nilipasua jile moja kimya kimya, nikaivaa chini ya koti, sababu niliogopa maji. Zingine niliziacha zimefungwa, sababu mwenye mutumbwi alikataza na mimi nilisema ndiyo Papa. Tulikuwa wanne. Nilitoka peke yangu.

Na kofia nilinunua juma lililofuata.