Kilichokuwa Chini ya Mkeka

Kahama, Jumatano asubuhi

Kwako kaka yangu Maganga,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Esta na watoto, na kwamba mvua za huko Segese hazijaubomoa tena ukuta wa zizi. Wifi mgongo unaendeleaje? Mwambie asibebe ndoo mbili kwa ubishi. Mimi hapa kwa rafiki yangu Generosa sijambo, ila natembea kwa fimbo. Mguu wa kulia unatii, wa kushoto unabishana nami kila asubuhi, na mpaka sasa ninaushinda.

Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu huwa unajibu kabla mtu hajamaliza. Karatasi huwezi kuikatiza. Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana uliyasikia vipande vipande, na vingine nilivikata mimi mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, daktari wa Mwanza aliniambia ugonjwa wangu kwa Kiingereza unaitwa multiple sclerosis. Wenyewe wagonjwa tunasema MS. Alisema kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, kwangu imewageukia wenye nyumba. Inakula utando unaofunika mishipa ya fahamu, na amri ya kichwa haifiki mguuni, kama waya uliochunika plastiki. Miaka sita niliyoendesha mtambo wa kubeba mawe chini ya ardhi nimeona waya wa namna hiyo ukizima taa za handaki zima, kwa hiyo hapo nilimwelewa mara moja.

Alipima na damu, akakuta vitamini D iko chini kabisa. Akashangaa mtu wa Shinyanga anakosaje jua. Nikamwambia nilikuwa nashuka mgodini kabla halijachomoza na kutoka limeshazama. Akanipa vidonge laini vya mafuta, nimeze kimoja kila Jumapili, akanishauri nipate jua la asubuhi. Lakini alisisitiza jambo ambalo nilimwitikia tu kwa kichwa. Alisema upungufu wa vitamini D unaandamana na ugonjwa huu na inafaa kuuziba, ila hakuna aliyethibitisha kwamba vitamini peke yake inauzuia. Kazi hiyo ni ya dripu, kila baada ya miezi sita, dawa ya kuipunguza ile kinga iliyopotoka. Ya kwanza nilitundikiwa mwezi wa pili.

Mgodini wakanihamishia juu, stoo ya viatu na kofia, nikarudi kuishi nyumbani kwako. Shangazi Lusia alilipokea lile la jua kama amri ya serikali. Kila siku kabla sijaenda kazini alitandika mkeka kando ya jiwe analoanikia michembe, akawa anageuza viazi vyake na kunigeuza mimi. Wifi Esta alikuwa akimuuliza lini nitakauka niingizwe ghalani. Nilicheka sana miezi ile, kaka. Nilipata nguvu, nikanenepa, na wewe ukasema mgonjwa gani huyu anayemaliza ugali wa watu wawili.

Kisha ikaja siku ile ya Septemba mwaka huu. Nilikuwa likizo, jua kali, nikachelewa kwenye mkeka. Nilipotaka kuinuka miguu yote miwili ilikataa, na jicho la kushoto likaingia ukungu. Ulikuja mbio kutoka shambani na majirani nyuma yako. Mmoja wao akasema mkeka uinuliwe. Chini yake mkakuta kifundo cha kitambaa, ndani yake kitu cha njano kinachonata, kimegandamana na vumbi. Ulisema mbele ya wote kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi akajibu kuwa ni dawa zangu za hospitali. Ukanigeukia, ukaniuliza kama ni kweli, nami sikujibu. Mkadhani nimezimia, mkanibeba. Kifundo kikachomwa, na kabla ya saa sita mchana shangazi alikuwa barabarani na godoro kichwani, anakwenda kwa binti yake Rebeka, Kagongwa. Ana miaka sabini na miwili, na wewe umekulia mgongoni kwake.

Kaka, sikuwa nimezimia. Nilifumba macho kwa makusudi.

Vilikuwa ni vidonge vyangu vya vitamini. Shangazi alivifunga kwenye kipande cha kanga na kuviweka chini ya mkeka, watoto wasije kuvila wakidhani ni peremende. Jua likaviyeyusha. Nilikitambua kifundo kile mara tu kilipofunguliwa. Neno langu moja lingetosha. Lakini ningesema ni dawa zangu, swali lako la pili lingekuwa kwa nini nimeanguka ilhali dawa natumia na dripu napata. Na dripu nilikuwa sipati.

Agosti mwaka jana nilipowaaga kwamba naenda Mwanza, niliishia hapa Kahama. Nililala siku mbili kwa Generosa, naye nikamdanganya kuwa nimepewa mapumziko. Nikabandika plasta mkononi, nikarudi. Shangazi alikuwa akinimwagia maji ya kuoga kwa uangalifu asiiloweshe plasta ile. Februari mwaka huu nilifanya vilevile, na Agosti tena. Niliogopa. Daktari aliposema dawa inapunguza kinga, mimi nilimwona mama kitandani. Wewe na mimi ndio tuliomuuguza, na wewe ndiye uliyewasikia watu wakinong'ona mlangoni kwamba kinga imeshuka. Nikajiuliza nani atakwenda kuinunua hali ile kwa hiari yake. Kwa kuwa jua na vidonge vilinipendeza, na mwili ulikuwa na nguvu, nikajiambia vinatosha.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi, nilipofikishwa Mwanza, faili la hospitali ndilo lililotangulia kuniumbua: tarehe tatu, na mbele ya kila moja imeandikwa kuwa sikufika. Daktari alinionyesha picha ya kichwa yenye makovu mapya matatu. Alisema joto la siku ile lilizidisha udhaifu, lakini makovu yale yaliletwa na ugonjwa wenyewe, ambao haukuwa na cha kuuzuia. Aliniambia pia kwamba hali ya mama na yangu si moja. Mama kinga yake iliharibiwa na virusi, yangu inapunguzwa kwa kipimo, huku wakinipima damu na kuniambia niwahi hospitali nikipata homa. Nilimuuliza maswali mpaka akatazama saa. Ijumaa iliyopita niliketi saa tano nzima na dripu mkononi, na Aprili nitaketi tena, nikiogopa au nisiogope.

Jumapili nilikwenda Kagongwa. Nilimweleza shangazi yote nikiwa nimepiga magoti, mguu wa kushoto ukanigomea kuinuka. Hakunigombeza. Aliniinua, akaniuliza kama nimekula. Niliona aibu kuliko kama angenipiga.

Unajua na mimi najua wazee wanaotajwa kwa neno lile la uchawi huwa wanaishia wapi. Limeshafika Kagongwa kabla ya wiki mbili, na jirani wa Rebeka amewakataza watoto wake kupokea chakula mkononi mwa shangazi. Kwa hiyo nakuomba, na kwa mara ya kwanza nakuagiza, uwaite walewale waliokuwepo siku ile, hasa yule aliyesema mkeka uinuliwe. Nitasimama mbele yao niseme ni mimi niliyedanganya. Nikishindwa kusimama nitasema nimekaa.

Nilitaka kuja na shangazi Jumamosi, amekataa. Anasema aliondolewa mchana watu wakitazama, na atarudi mchana watu wakitazama, siku utakayokuja kumchukua mwenyewe. Godoro amelifunga tayari. Mimi nitakuwa pale Kagongwa naye kuanzia kesho. Usipokuja sitakulaumu, kosa ni langu, ila nitabaki anakobaki yeye.

Barua hii nampa Boaz, dereva wa gari la Segese, akukabidhi mkononi. Unisalimie wifi Esta, na watoto wote, na Baba Blessing pale ng'ambo ya barabara. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Rhoda

Gari la kwanza la kuja Kagongwa linaondoka hapo saa moja asubuhi. Shangazi ameshaniuliza saa yake mara mbili.