Mashapo ya Kahawia ya Kabula

Jumanne, shuleni Cheyo

Kumbe sifuri ilikuwa yangu.

Wiki iliyopita nilimpa Kabula sifuri ya kemia kwa vitendo. Lebo ya chupa ya jaribio ilisema chuma (II), kwa hiyo mashapo, ule unga unaotua chini, yalipaswa kuwa ya kijani. Wenzake wote thelathini na tisa waliandika kijani. Yeye peke yake kahawia, chuma (III). Kwa sifuri ile angetolewa mchepuo wa sayansi, na orodha inapelekwa kesho.

Leo kaja maabara.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Umekuja kubishana na chupa?”

“Hapana, mwalimu. Naomba tu uipime.”

Nikapima huku nacheka. Nikadondoshea hidroksidi ya sodiamu, mashapo yakashuka ya kahawia, kama kutu ya bati langu la jikoni. Nikaacha kucheka.

Na ni mimi ninayewaimbisha kila mwaka kwamba chuma (II) kikikaa na hewa hupoteza elektroni moja, kikawa chuma (III)! Nilichanganya kimiminika cha chupa ile Ijumaa, nikasahau matone ya asidi ya kukitunza, nikaenda zangu kwenye kipaimara Kipalapala. Jumatatu ya jaribio nikakipanga kwenye meza ya mbele.

“Sasa wenzako kijani walikiona wapi?”

“Kwenye lebo, mwalimu.”

“Na wewe?”

“Mimi nilikaa nyuma. Lebo sikuiona.”

Nimemrudishia alama zake zote, na jina liko kwenye orodha. Nilitaka kumhamishia mbele, kama zawadi.

Hapana. Abaki huko huko nyuma. Mbele nitakaa mimi na wale thelathini na tisa.