Kitabu Kisicho na Namba

Jumatatu, 8 Julai

Nimefungua maktaba saa mbili kasoro. Nimefagia, nimepangusa meza, nimepanga upya rafu ya mkoa. Rafu yangu hiyo. Nilipoanza kazi hapa ilikuwa na vitabu vinne na mchwa. Sasa imejaa mpaka vingine vinalala juu ya vingine. Wazigua, Wasambaa, Wabondei, reli, misafara, mashamba. Mtu akiniuliza Tanga kuna nini zaidi ya machungwa, namvutia kiti namwambia kaa hapo usome.

Madam Neema, bosi wangu, amenikabidhi Jumamosi za Historia mwezi huu. Tunatandaza vitabu vya mkoa mezani, mtu mzima anayeyajua mambo anakaa kiti cha mbele, watoto wa shule wanauliza na kuandika. Jumamosi hii ni hadithi za Kizigua. Inayofuata ni mkonge.

Kiti cha mkonge kina mwenyewe tayari. Baba yangu. Amekata mkonge shamba la Ngombezi tangu hajaota ndevu mpaka meno yakaanza kumtoka. Hajawahi kukanyaga hapa kazini kwangu. Hajui kusoma, anasema aje aangalie nini. Jana nimembembeleza, amekubali. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumanne, 9 Julai

Nimepitia vitabu vyote vya mkonge tulivyo navyo. Hasira tupu. Korona, ile mashine ya kukamua majani, imepigwa picha mbele na nyuma. Meneja yupo na mbwa wake. Mbwa katajwa jina! Ukurasa wa pili, wanaume kumi na mmoja wameshika visu. Chini yake: "Wakata mkonge wakiwa kazini." Basi. Hata jina moja.

Nimewahesabu mara mbili. Jumamosi ya baba watoto watasikia majina.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeandika mabango kwa mkono wangu, wino mwekundu. NJOONI MUMSIKIE MANAMBA WA MWISHO WA NGOMBEZI. Chini nimewaelezea watoto: manamba ni watu walioletwa mashambani kwa mkataba kutoka mbali, wakaandikwa kwa namba.

Moja mlangoni, moja sokoni, moja nimempa bodaboda akalibandike Ngombezi, kijiwe cha kahawa. Shuleni niliitwa mtoto wa manamba, nikapigana. Leo jina hilo nimeliandika mwenyewe, herufi kubwa. Nimejisikia mtu.

Jumamosi, 13 Julai

Leo wamekaa mpaka sakafuni! Bibi Mwantumu kaja kutoka Handeni, kanga mbili na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mzigua wa Wazigua. Katoa hadithi ya sungura, kaimba, kawaimbisha watoto kiitikio cha Kizigua. Kisha kawauliza nani kwao wanaongea Kizigua. Mikono michache, ya aibu. Kawaambia: "Inueni vizuri, kwani mmeiba?" Ikainuka mikono kama migomba.

Madam Neema anapenda kimya kuliko mshahara. Leo kapiga makofi. Nimetoka nje kidogo nikafuta macho. Furaha tu.

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda Ngombezi na sukari na mikate. Baba alikuwa kibarazani. Shikamoo, baba. Kimya. Nikadhani hajasikia. Shikamoo, baba. Akageuza kiti, akanipa mgongo.

Miaka hamsini nimemwamkia mzee huyu. Sijawahi kukosa marahaba yake, hata siku nilipotoroka shule.

Jirani yake ndiye aliyenieleza. Baba kaenda kunywa kahawa, wamemsomea bango mbele ya watu. Vijana wakaanza: manamba, namba yako ngapi, manamba, leta kahawa. Kaacha kikombe nusu. Kasema huyo wa maktaba amtafute manamba wake kwingine, yeye hana mtoto wa kumwita hivyo.

Nimerudi kwangu Masuguru na mikate yangu. Sijaimeza.

Jumatatu, 15 Julai

Nimebandua mabango yote. La Ngombezi nimelibandua mwenyewe, vijana wananitazama. Nimewatukana. Sijuti.

Mjinga mimi. Nilidhani jina nikiliandika kwa wino mwekundu litageuka heshima. Mimi nililisikia shuleni miaka saba, nikahitimu, likaisha. Yeye ameamka nalo kila alfajiri ya ujana wake. Kidonda ni chake, nami nimekivalisha shanga bila kumuuliza.

Simu yake haipatikani. Madam Neema anasema tumtafute mzee mwingine, Ngombezi hawakosekani. Nimekataa. Kile kiti ni chake, hata kikikaa kitupu.

Nimempigia Bibi Mwantumu kumshukuru kwa Jumamosi, nikajikuta namwaga yote. Akaniuliza swali moja: baba yako kabila gani? Nikasema Mnyamwezi. Loo, alivyopiga kelele! "Mtumwa wangu huyo! Kumbe nina mtumwa Ngombezi na sina habari!" Kakata simu.

Jumatano, 17 Julai

Bibi Mwantumu kafika kwa baba. Jirani kanipigia, anacheka hata hasemi vizuri.

Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako hukigombei, unakikomboa. Ndiyo desturi, na baba ni mtu wa desturi. Mambo ya maktaba anaweza kuyakataa. Utani hawezi.

Basi bibi kaingia uani bila hodi. Kamwambia kazeeka vibaya. Kamwambia nyumba inanuka Unyamwezi. Kala ugali wake. Kisha kakichomoa kisu cha mkonge kwenye dari, kile kisu alichostaafu nacho, anachokinoa kila mwezi japo hakikati kitu. Kakifunga kwenye kanga. "Ukikitaka, mtumwa, kikomboe kwa jogoo. Jumamosi, maktaba."

Baba kafanyaje? Jirani anasema kasimama tu, mdomo wazi. Halafu kacheka. Kidogo.

Ijumaa, 19 Julai

Kucheka si kuja. Kisu anaweza kukisamehe, ana kiburi huyu, na mimi nimekirithi. Nimepanga viti. Nimetandaza vitabu. Kile cha picha ya watu kumi na mmoja nimekifunua hapohapo. Bango jipya sijaandika. Naogopa.

Jumamosi, 20 Julai

Saa nne, hayupo. Watoto wamejaa. Bibi Mwantumu kakaa mbele, kisu mapajani kwenye kanga. Saa nne na nusu, hayupo. Madam Neema kanitazama, kaitazama saa. Nikaanza kuwaeleza watoto habari za korona.

Jogoo akawika mlangoni.

Baba! Kanzu nyeupe, kofia, jogoo kwapani. Kaingia maktaba mara ya kwanza maishani mwake na jogoo. Madam Neema kainuka kusema kitu, kakaa tena. Bibi kamwambia jogoo kakonda kama mwenyewe. Baba kamjibu Mzigua hajui kuku, anajua kuiba tu. Watoto wamevunjika mbavu. Kisu kikarudi, jogoo kafungwa kwenye mguu wa meza ya magazeti. Nami nikapiga goti, mbele ya wote. Nikasema nisamehe, baba, niliandika vibaya. Kanipita. Kaenda kwenye kiti, kakaa.

Kaeleza vizuri! Safari ya kutoka kwao, treni, baridi ya alfajiri, miba ya jani inavyoingia jichoni usipojua kuinama. Katoa kwenye mfuko wa kanzu kipande chake, kadi ya kazi iliyojaa alama za siku, mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Kaipitisha mkono kwa mkono. Kisha binti mmoja wa darasa la sita, bila ubaya, kauliza: "Babu, namba yako ilikuwa ngapi?"

Baba kamgeukia.

"Nimeisahau," kasema. "Nimeisahau makusudi, mjukuu wangu. Niulize jina."

Akauliza. Baba katamka jina lake, la baba yake, la babu yake. Kisha kaivuta ile picha karibu, kaitazama sana. Kasema hawa hawajui, ni wa zamani kuliko yeye. Lakini wake anawajua. Kafumba macho, kaanza kuwataja, mmoja mmoja, aliokata nao mstari mmoja. Mnyamwezi, Muha, Mbena, Mmakonde. Nani alikuwa mwimbaji. Nani alikatwa kidole. Nani hakurudi kwao, na alizikwa upande gani wa shamba. Watoto wanaandika, wengine wanamwomba arudie, anarudia. Nimeandika pia, karatasi inalowa.

Majina thelathini na nane. Walipomsomea tena, hakubadilisha hata moja.

Huyo ni baba yangu. Hakuna kitabu kwenye rafu hii kinachojua anayoyajua. Nimejivuna leo mpaka kifua kinauma, na sitaki kupona.

Jumatatu, 22 Julai

Nimenakili majina kwenye daftari moja, mwandiko wangu mzuri. Kipande baba kakiacha, kasema kikae mahali pasipo na panya. Nimekitia kwenye mfuko wa plastiki, nimekishona kwenye jalada la nyuma. Mbele nimeandika jina lake kamili, mahali pa mwandishi.

Madam Neema kapita, kasema safi sana, sasa kitabu hiki kipe namba nikiingize kwenye orodha. Kila kitabu humu kina namba mgongoni. Ndiyo sheria, na mimi ndiye ninayeisimamia.

Nimemwambia hiki hapana. Hiki kinakaa kwa majina. Kaniangalia, kaliangalia daftari. Kachukua kalamu, kaandika jina la baba kwenye orodha, pale pa namba kaacha wazi.

Nimekiweka katikati ya rafu ya mkoa. Kisha nimempigia simu Ngombezi. Shikamoo, baba.

Marahaba, mwanangu.

Kaniuliza jogoo kaliwa au bado.