Viatu Mia Sita vya Kushoto

Kwako Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko vipande vya karatasi vilivyonasa kwenye nywele zangu sasa hivi. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeniacha. Ninyi je? Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma mpaka sufuria zinacheza? Na mpwa wangu ameshatembea, au bado anatambaa kinyumenyume kama kaa?

Dada, mdogo wako sasa ni fundi. Usicheke. Wewe na wale walimu walionirudisha darasa mara mbili mlisema mikono yangu inajua kijiko tu. Basi mikono hiyohiyo ndiyo inayotengeneza kadi za mwaliko wa bebi shawa, ile sherehe ya kumpa mjamzito zawadi za mtoto. Nakata, nakunja, nabandika, nafunga utepe. Bosi wangu tunamwita Mama Gundi. Ananisifu kila siku, ila kwa siri sana, maana hata mimi sijawahi kumsikia.

Mwezi huu alikuja mteja, mjamzito wa miezi minane, akataka kadi mia tatu, kila moja na jozi ya viatu vya kitoto vya karatasi, vyenye kifungo pembeni. Mama Gundi aliuliza nani ana kiatu cha mfano. Nikajitapa kwamba ninacho. Nikakaa siku tatu nafuatisha na kukata, mia sita kamili. Mama Gundi alipokuja kuvipanga aliniuliza huyo mtoto anayezaliwa ana miguu ya kushoto mingapi. Dada, vyote vilikuwa vya kushoto! Na karatasi yenyewe ina maua upande mmoja tu. Ukiigeuza ni nyeupe kama daftari langu la hesabu.

Akasema nikusanye virago. Nikamwomba kwanza niongee na mteja, na mdomo wangu unaujua. Nikamwambia yule mama kwamba mtindo wa sasa ni kiatu kimoja kwa kila kadi, na ndani tuandike: "Cha pili kiko huku. Njoo." Nikamwandikia kadi moja ya mfano. Aliisoma mara mbili, akafuta macho, akasema anataka hivyohivyo. Mama Gundi akaniita mwongo mwenye bahati, akanirudishia mkasi.

Vile mia tatu vilivyobaki nimevibandika chumbani kwangu, nyuma ya karakana. Vimejaa ukuta mzima, vyote vinaelekea mlangoni. Jumapili nalala navitazama. Nimealika watu mia tatu mwezi huu, Dada, na hakuna hata mmoja anayenijua.

Sasa kaa chini. Kile kiatu cha mfano ni cha mpwa wangu, kile cha uzi wa njano ulichokifuma ukiwa na mimba yake. Nilikitia mfukoni asubuhi niliyoondoka. Nilitaka kitu chenye harufu ya nyumbani, nikadhani hutakitafuta. Kisha ikaja barua yako, kwamba umemfukuza mama mfuaji kwa ajili ya kiatu hicho, na kwamba aliondoka akilia na kuapa. Wewe uliyeniita Kasuku tangu sijaota meno, hukujiuliza kwa nini Kasuku amekaa miezi saba bila kujibu? Ni aibu, Dada. Kila nilipoishika kalamu nilimwona yule mama na beseni lake.

Kiatu kimo ndani ya bahasha hii. Kina gundi kidogo kwenye kifungo. Kabla hujakirudisha kabatini, mpelekee akione kwa macho yake, umwambie mwizi ni mimi, umwombe radhi kwa niaba yetu sisi wawili. Mrudishe kazini, kama bado anakubali kutuangalia usoni.

Ukiona huwezi kuniandikia, sitakulaumu. Lakini ukiandika, msimamishe mpwa wangu juu ya karatasi, uuzungushie mguu wake kalamu, nijue amekua kiasi gani mimi nisipokuwepo. Mguu wa kulia unatosha. Ya kushoto ninayo ukuta mzima.

Msalimie Shemeji, na mama mfuaji kuliko wote.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku