Njia ya Hobbin na Jamu ya Shangazi Edwina

Fern Cottage,
Wadlow Parva,
Dorset.
11 Mei 1998

Mpendwa mdogo wangu Lionel,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima huko Tasmania, na kwamba baridi haijaanza kuwabana. Goti la wifi yangu Coralie linaendeleaje? Mwambie aache kupanda ngazi kuchuma matufaha, kazi hiyo wewe unaiweza ukitaka. Picha za wajukuu zimefika. Yule mdogo ana masikio ya baba yetu, maskini.

Sisi hatujambo. Kikohozi cha shemeji yako Wilf kilimwacha mwezi uliopita, na tangu hapo haonekani ndani ya nyumba, yuko bustanini na maharage yake. Mimi macho tu ndiyo yanayonisumbua kidogo, kwa hiyo ukiona mistari yangu inapanda mlima usinicheke.

Msitu wa Hobbin mwaka huu umependeza kuliko nilivyowahi kuuona. Maua ya buluu yametandaa kuanzia langoni mpaka kwenye ule mwaloni ulioanguka, na harufu ya vitunguu saumu mwitu inakufuata mpaka nyumbani. Kwenye chemchemi tope ni lilelile, juzi limenivua buti. Kigong'ota naye anagonga tangu asubuhi kama fundi aliyelipwa kwa siku. Nakuandikia haya yote kwa raha kwa sababu majuma kumi yaliyopita sikudhani kama ningeuona tena huo msitu kwa ndani.

Nadhani umekuwa ukisubiri kusikia kesi ya njia iliishaje. Nikukumbushe ilivyoanza. Kanali Hartnoll alipofariki, msitu ulinunuliwa na Bwana Sewell, mtu wa mjini. Si mtu mbaya. Ana mbwa mkubwa anayeogopa kondoo, na anapenda utulivu. Vuli ya mwaka juzi akatia mnyororo langoni na kuandika kwamba hakuna njia. Wengine wetu tulinung'unika tukazunguka kwa barabara. Lakini Shangazi Edwina, kama ujuavyo, anakaa peke yake ng'ambo ya msitu. Kwa njia ya Hobbin ni dakika kumi mpaka kanisani na dukani. Kwa barabara ni maili mbili, haina pembeni pa kukanyaga, na malori ya maziwa yanapita kama yanafukuzwa. Ana miaka themanini na minane.

Binamu yetu Beryl alikuwa ameshamtafutia mama yake chumba katika nyumba ya wazee kule Yeovil. Sikumlaumu, alikuwa na hofu ya mtoto kwa mama yake. Walikubaliana kwamba njia isipofunguliwa, Shangazi atahama kabla ya kiangazi. Shangazi hakulalamika, ila alianza kugawa vyombo. Mimi nilipewa sufuria yake ya shaba, ile ya kupikia jamu. Niliipokea mikono miwili, nikaenda kulia nyuma ya banda la kuku ili Wilf asinione.

Tulikuwa tumepeleka madai serikalini kwamba njia ni ya watu wote, na mkaguzi wao alikuja mwezi wa pili, mama mmoja mpole mwenye kalamu tatu, akatusikiliza katika ukumbi wa kijiji. Sheria yenyewe ni rahisi. Watu wakipita mahali miaka ishirini, bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila kupewa ruhusa, njia ni yao. Hilo la tatu ndilo lililotaka kutuua. Lionel, unatujua watu wa hapa. Sisi tukikanyagwa mguu tunaomba radhi wenyewe. Leo umsimamishe mtu wa namna hiyo mbele ya wakili aseme kwamba alipita miaka ishirini kwenye shamba la mwenzake bila ruhusa ya mtu. Anaona ni kama kusema hakulelewa.

Tulifanya mazoezi jikoni kwangu, Wilf akijifanya wakili. Nikawaonya wote wasimsifu Kanali, maana kila wema wake ungegeuzwa kuwa ruhusa. Haikusaidia. Cyril Hansford, aliyekuwa akimkamulia Kanali ng'ombe, alisimama akasema kwa fahari kwamba Kanali alikuwa muungwana, hajapata kumkatalia mtu yeyote kupita. Wakili wa Bwana Sewell akatabasamu akaandika. Kila aliyemfuata akamwongezea Kanali uungwana, na kila mara wakili anaandika. Mpaka saa ya chai tulikuwa tumeshazama nusu.

Halafu ikasomwa karatasi yako ya ushahidi. Lionel, nilikuomba uandike kwamba ulipita. Sikukuomba uungame. Ukumbi mzima ulisikia jinsi ulivyokuwa unatambaa nyuma ya vichaka vya mihazeli na kwale wawili wa Kanali ndani ya koti. Mkaguzi aliiweka karatasi pembeni kwa upole, kwa kuwa kupita kwa kujificha hakuhesabiki. Cyril, ambaye ndiye aliyesingiziwa kwale wale, ananiomba anwani yako mpaka leo. Sijampa.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Alivaa kofia ya mazishi, akakataa kiti. Wakili alikuwa ameshasikia habari za jamu, nadhani kwa Cyril huyohuyo. Akamuuliza kwa sauti tamu kama ni kweli kwamba kila Krismasi alimpelekea Kanali chupa ya jamu ya plamu. Ni kweli. Je, ilikuwa kumshukuru? Ndiyo, ilikuwa kumshukuru. Kumshukuru kwa lipi?

Shangazi akasema, "Kwa ajili ya njia."

Beryl aliyekuwa karibu yangu akafumba macho. Mimi niliiona akilini ile sufuria kwenye rafu yangu, nikajua basi, ni yangu moja kwa moja. Wakili alikuwa ameshaanza kukaa, lakini mkaguzi akamwomba Shangazi aeleze zaidi.

"Kila vuli alikuwa anaifyeka miiba kwa mkono wake," Shangazi akasema. "Hakuna aliyemtuma. Mtu akikufagilia mlango wako, humshukuru?"

Wakili akasimama tena. Akasema kwamba bibi anachanganya mambo, kwamba alichokuwa anashukuru ni ruhusa.

"Ruhusa?" Shangazi akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia na viatu vya tope. "Mwanangu, mimi nikitaka ruhusa nabisha hodi. Kwa Kanali nilibisha hodi nimpe jamu yake. Kupita sijambishia mtu hodi tangu nizaliwe."

"Na kama Kanali angekwambia usipite?"

"Ningepita. Na jamu ningeila mwenyewe."

Kisha mkaguzi akainamisha kichwa akaandika muda mrefu, na nina hakika mabega yake yalikuwa yanacheza. Bwana Sewell mwenyewe alikuwa anacheka, ameficha uso kwenye leso. Aliyekuwa hacheki ni Shangazi peke yake. Aliuliza kama ameharibu.

Tukasubiri majuma kumi. Sijawahi kumwogopa tarishi kiasi hicho. Shangazi akaendelea kugawa vitu, Wilf akapewa saa ya ukutani, kasisi akapewa vikombe. Jumanne iliyopita bahasha ikafika. Nilimsomea Shangazi kwenye simu mara mbili. Msitu wa Hobbin una njia ya watu wote, imeandikwa, na mnyororo uondolewe. Nikangoja alie, au amshukuru Mungu, au aniambie nirudie mara ya tatu.

Akasema, "Averil, nakuja kuchukua sufuria yangu."

Alikuja kwa miguu, kupitia msituni, na fimbo yake. Bwana Sewell alikuwa ameshautoa mnyororo siku hiyohiyo. Chai ilipokwisha nikambebea sufuria kumrudisha kwake, maana ni nzito, tukaenda polepole katikati ya yale maua. Mahali fulani akasimama kupumzika, akaweka mkono kwenye mwaloni mmoja kama mtu anayemshika mwenzake bega.

Kwenye kona ya chemchemi tukakutana na Bwana Sewell na yule mbwa wake. Na hapo, Lionel, baada ya kesi yote ile, baada ya mkaguzi na wakili na bahasha, shangazi yako akasimama akasema, "Samahani bwana, tunaweza kupita?"

Nilitaka kujifunika ile sufuria kichwani. Bwana Sewell alimtazama, akaitazama sufuria, akamvuta mbwa wake pembeni mpaka ndani ya vitunguu saumu ili kutupisha.

"Mimi siulizwi tena, Bi. Samways," akasema.

"Najua huulizwi," Shangazi akamjibu. "Lakini sisi tuna adabu." Kisha akamuuliza kama anapenda plamu.

Beryl ameacha chumba cha Yeovil. Amemnunulia mama yake mabuti mapya, na anakuja kila Jumamosi kupita naye, anasema ni kwa ajili ya kumwangalia mama, ila naona mashavu yake yenyewe yameanza kuwa mekundu. Kuhusu saa ya ukutani, Wilf anajitia hakumbuki kwamba inatakiwa irudi.

Plamu zitaiva mwishoni mwa Agosti. Shangazi ameniagiza nikuandikie kwamba angependa mwaka huu chupa ya Bwana Sewell uijaze wewe, kwa kuwa una deni la kwale wawili na Kanali hayupo tena wa kumlipa. Mimi naongeza la kwangu. Miaka thelathini na saba umekaa mbali, na nina hamu ya kukuona, tena zaidi msitu unapochanua. Njoo na Coralie. Tutakuja kukupokea stesheni, na utaingia Hobbin kwa lango, mchana kweupe, kichwa juu, mikono mitupu. Nataka Cyril akuone.

Nisalimie wifi, watoto, na yule mwenye masikio. Wilf, Beryl na Shangazi Edwina wanakusalimu sana. Mungu awalinde huko mliko, na awalete salama.

Dada yako akupendaye na anayekusubiri,
Averil