Meza Iliyotoka Getini Yenyewe

Hapana, sijafukuzwa. Leo mmeniuliza watu watatu, na mmoja wenu hata salamu hakuanza nayo. Bado nipo Nkuhungu, banda lile lile la Mama Neema, na meza yangu nzima, ila mguu mmoja umekwaruzika.

Leo Jumamosi. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye chai. Nimeamua kuitafuna.

Ngoja nieleze mwenyewe, maana hii hadithi naona inanenepa kila ikivuka nyumba.

Banda ni la kulaza gari moja. Mimi humo nimetia meza ya kazi, mashine ya kuchomelea, drili ya kusimama, grenda, na mabomba ya mageti ya watu. Ukitaka kugeuka unatoka nje, unageuka, unarudi. Jumatatu Mama Neema, mwenye nyumba, akaja kajifunga kanga vizuri. Nikajua kuna neno.

"Mwanangu, kuanzia sasa ikifika saa kumi jioni banda nalitaka tupu. Baba Neema atakaa hapa."

Mumewe alipigwa na kiharusi, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Sebuleni joto, mlango wa mbele una ngazi, na mama peke yake hamuwezi. Mlango wa jikoni ndio unatokea bandani bila ngazi. Mzee alikuwa dereva wa lori. Anachotaka ni kuiona barabara tu, apite mtu amsalimie.

"Jaribu mpaka Jumamosi. Ukishindwa utafute kwingine, wala sitakununia."

Nikiri hapa. Nilikasirika. Nilienda kwa mama muuza chai nikasema huyu kapata mpangaji mwingine, ugonjwa anausingizia tu.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu uliokula pilau yake ya Krismasi.

Jumanne na Jumatano nikabeba kimoja kimoja kupeleka nje, asubuhi kimoja kimoja kurudi ndani. Kufika jioni natembea kama mtu aliyeangusha sindano. Geti la mteja halijaisha, na mzee kanisubiri mlangoni mwa jikoni mpaka jua limezama. Siku mbili hajaiona barabara.

Alhamisi akili ikaja. Tangu serikali ihamie huku, sidhani kama kuna mji wenye viti vingi vya ofisi vilivyokufa kama huu. Kwenye chuma chakavu nikakuta rundo. Nikang'oa magurudumu, nikayachomelea chini ya meza na chini ya drili. Mashine ya kuchomelea nikaipandisha kwenye kigari cha mtoto. Ikatulia humo kama mtoto wa tajiri.

Ijumaa saa kumi kasoro nasukuma meza kwa kidole. Kidole! Nimefika nayo mlangoni, naimba. Mama Neema akatokea jikoni anamsukuma mzee.

Sasa mtu mzima huwezi kumsalimia huku umeshika meza. Kwetu Kondoa ungechapwa. Nikaiachia, nikainama, mikono yote miwili.

"Shikamoo, mzee."

Na mzee tangu augue, maneno yanamjia polepole. Mdomo unafunguka, neno bado liko njiani. Nyuma yangu nikasikia: krrrrr.

Sakafu ya lile banda ina mteremko. Mzee mwenyewe aliimwaga hivyo, maji ya kuoshea gari yatoke. Mimi najua, kila siku nafagia humo. Nilisahau.

Krrrrr. Lakini utamgeuziaje mgongo mzee ambaye bado anatafuta neno la kukujibu?

"Ma…" mzee akasema.

Meza ikashika njia ya saruji.

"…ra…"

Ikapita getini.

"…haba."

Ndipo nikageuka. Meza imevuka barabara, imezama kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga, miguu miwili juu kama mbuzi wa sikukuu. Mama Neema kaziba mdomo na kanga. Mimi nahesabu vifaa vya kufungasha.

Mzee akacheka. Bega moja tu ndilo lilicheka, lakini lilicheka kweli. Mama Neema akamwangalia yeye, meza akaisahau. Kisha mzee akapeleka mkono wake mzima pembeni ya kiti, akavuta kile kichuma kinachobana gurudumu. Klak.

"Breki, fundi."

Kumbe dawa ilikuwa inapita mbele yangu kila siku, nami niko bize kuwasema vibaya wenyewe mtaani.

Leo asubuhi nimekipima kile kichuma kwenye kiti chake, nikatengeneza vya kwangu kwa vipande vya mabomba. Nimekaza na cha kwake, kilikuwa kimelegea. Saa kumi kila kitu kilikuwa kimejipanga nje ukutani, na kazi inaendelea. Mzee anaiangalia barabara. Kila nikisogeza kitu ananiuliza, "Breki?" Namjibu, "Nimefunga, mzee." Mama Neema ameniletea kigoda nikae. Aliyefukuzwa haletewi kigoda.

Kwa mama muuza chai nimerudi, nimeyafuta maneno yangu mbele ya wale wale walioyasikia. Hiyo ilikuwa nzito kuliko drili.

Haya, tufanye biashara. Wewe mwenye kiti cha ofisi kilichokufa, niletee miguu yake. Kama nyumbani kuna mgonjwa mwenye kiti kilicholegea breki, mlete na kiti chake, naikaza bure. Sharti moja tu: saa kumi ikishapita, kwanza msalimie mzee, na umsubiri mpaka amalize kujibu.

Meza nitaishika mimi.